Flashi Moja Maana Yake Niko Sawa

Alhamisi baada ya alasiri, Zipporah alikuwa jikoni kwa Madam Hessa, mtaa wa Suwaidi, Riyadh, akipanga kikapu cha safari. Aliweka chupa ya kahawa, vikombe vidogo visivyo na mkono, tende, mkeka wa plastiki na sweta za watoto, kwa sababu jangwa la Januari lina baridi inayouma hadi kwenye meno. Madam akaja, akakagua, akaongeza waya wa chaji, ule mrefu mweupe ulioharibika tangu mwaka jana. Aliukunja vizuri na kuulaza kando ya vikombe.

"Umesahau sukari," akasema. Zipporah akaenda kuleta sukari.

Huo ulikuwa mwaka 2016, msimu wa pili wa ziara za taa. Jambo lenyewe halikuwa siri. Mfanyakazi wa ndani akipigwa, taa hupanda kutoka juu ya nyumba aliyopigiwa, ikafika juu kabisa, kisha ikajitandaza kuelekea kaskazini kama shuka linalokung'utwa. Kofi na waya hutoa kijani. Mpira wa maji hutoa zambarau. Pasi ya moto hutoa nyekundu yenye kingo nyeupe, na hiyo ndiyo iliyopendwa zaidi kwenye picha. Watu wa hali ya hewa walisema ni vumbi, wakaona wanachekwa, wakanyamaza. Mjini taa za barabara zilizifunika, kwa hiyo aliyetaka kuziona vizuri ilibidi atoke mpaka jangwani, na mtu akitoka mpaka jangwani anataka wa kumwonyesha. Hapo ndipo wenye mabasi ya utalii walipoingia. Kuna watu ambao nyumba ya jirani ikiungua wao huja na mahindi ya kuchoma. Haya, tuendelee.

Kiongozi wa ziara ile aliitwa Elphas, Mkenya mwenye kitambi kidogo na sauti ya mtangazaji. Kabla ya kuja Saudia kwa mkataba, alikuwa akiwaendesha wazungu kwenye mbuga kule Narok, akiwatafutia simba. Madereva wa kule wana mtindo wao. Dereva akimwona simba huwaambia wenzake kwenye redio, kwa Kiswahili, na hamtaji kwa jina. Husema sharubu. Sharubu yuko mtoni, sharubu analala chini ya mti. Mgeni haelewi, na gari likifika anadhani ni bahati yake, anafurahi zaidi. Elphas alikuja na mtindo huo mzima mzima. Mjini alikuwa na madereva wenzake wa Kiafrika waliojua nyumba zote zenye makelele, nao walimpigia simu mapema jioni.

"Sharubu wawili Shumaisi," Elphas angerudia, akiandika kwa kidole kwenye kioo cha gari. "Sawa kaka. Na Suwaidi je? Bado amelala?"

Kisha angewageukia wageni kwa Kiarabu chake cha kujifunza na kuwaambia watazame kushoto. Taa ingetoka. Wangepiga makofi.

Kosa la simba ni kwamba anaweza kukataa kutokea. Taa haikatai, ikiwa wageni wamekuja na mtu wao. Ndiyo maana mfanyakazi mmoja wa kila familia alipanda bure.

Alhamisi hiyo anga lilikuwa limelala. Familia tatu zilikaa kwenye mikeka, watoto wakaanza kulia usingizi, na simu ya Elphas haikuita. Mwishowe alisimama, akakohoa.

"Wageni wangu, leo huko mjini wametulia. Mwenye kutaka kusaidia, karibu."

Familia zikatazamana kwa adabu. Tafadhali, anzeni nyinyi. Hapana, wallahi, nyinyi ndio mmetoka mbali. Walisukumiana hivyo hivyo kama watu wanaong'ang'ania kulipa hotelini, hadi Madam Hessa akainuka, akasema basi, msitusumbue, akachukua waya kutoka kwenye kikapu.

Zipporah alipiga magoti bila kuambiwa, akajifunika kichwa kwa mikono. Waya ulimshukia mgongoni, ukamshukia begani, ukarudi mgongoni palepale na kuchana gauni. Alisema "Mungu wangu," akasema "Mama," kisha hakuna alichosema tena kwa sababu pumzi zilikuwa zimemwisha. Ulipompata sikioni damu ilitiririka hadi kwenye kola. Ndipo taa yake ikatoka. Ilikuwa kijani, kile cha majani machanga ya chai, na ilipanda ikiyumba.

"Ya Zippy ni fupi," akasema Dana, binti mdogo wa madam.

"Yatosha, mama Turki, tumeshaona," akasema bosi, mume wa Madam Hessa, akimwita kwa jina la mwana wao. Huyu hakuwahi kumpiga mtu maishani mwake. Alijimiminia kahawa.

Basi taa hiyo ilipokuwa inafifia, Zipporah akiwa bado amepiga magoti, aliona kitu upande wa magharibi, chini kabisa, mahali anga linapogusa mchanga. Mstari mwembamba. Kijani kilekile. Uliwaka mara moja ukakatika.

Taa za watu wengine hufifia polepole. Ile ilikatika kama simu inayokatwa, na Zipporah akaitambua palepale, akaanza kucheka huku damu inamtiririka shingoni. Madam akamwangalia, akaamua ni kichaa cha baridi.

Huyo alikuwa Velma, mdogo wake.

Niwaeleze. Hawa walikuwa mabinti wawili wa Mama Rosebellah wa Vihiga. Tangu Zipporah alipoenda kutafuta kazi Nairobi, akamwacha Velma shuleni, walikuwa na makubaliano ya flashi, yale ambayo kila nyumba ya Kenya inayo. Unapiga, simu inaita, unakata kabla haijapokelewa, kredo inabaki. Flashi moja maana yake niko sawa. Flashi mbili maana yake kuna shida, nipigie. Mwiko ni mmoja tu: usiache iite mpaka mwisho, maana ikipokelewa itakula kredo, na kredo ikiisha hata ile mbili huwezi. Sauti zao kwenye simu zilifanana hadi mama yao mzazi alizichanganya. Ajenti mmoja wa Nairobi aliwasafirisha wote wawili mwezi mmoja, huyu Riyadh, yule Jeddah, mtaa wa Aziziya, akawaambia ni mwendo mfupi, watakuwa wakitembeleana Jumapili. Simu ya Zipporah ilifungiwa kabatini siku aliyofika. Ya Velma, nadhani, vivyo hivyo. Miezi yote hiyo hakujua kama mdogo wake yu hai.

Sasa alijua. Walipokuwa wakikunja mikeka alimsogelea Elphas.

"Ile ya magharibi, umeiona?"

"Hiyo ni Jeddah. Huonekana siku zisizo na vumbi. Fupi sana, siwaonyeshi wageni."

"Ni Velma, mdogo wangu. Amenipigia flashi moja. Yuko sawa."

Elphas alimtazama sikio lile.

"Dada Zippy. Unajua taa inatoka wapi."

"Najua."

"Basi?"

"Basi amepiga mara moja," Zipporah akasema kwa ukali. "Angekuwa na shida angepiga mbili. Tumekubaliana hivyo tangu zamani, wewe usinifundishe flashi."

Usimcheke. Mtu akikaa na kiu vya kutosha, hata maji ya kuoshea vyombo atayanywa na kusema ni matamu.

Baada ya hapo Zipporah alizingoja Alhamisi. Alipanga kikapu mapema na sukari hakuisahau tena. Akishapigwa alijifuta, akageukia magharibi, na ikitokea moja, ikakatika, alisema asante Yesu na kulala fofofo. Mgongo wake ulishonana na gauni. Ilibidi aloweshe kwa maji ya moto ndipo avue. Hilo halikumtia huzuni. Alikuwa na mdogo wake, na mdogo wake alikuwa sawa.

Shule zilipofungwa, Madam Hessa aliipeleka familia Jeddah kwa dada yake, na dada huyo alikaa Aziziya. Zipporah aliposikia neno hilo ndani ya gari alikunja ngumi kwenye mapaja ili asipige kelele.

Kule Jeddah, kama popote, wafanyakazi wa ndani hukutana juu ya paa wakianika nguo. Hawaruhusiwi kutoka mlangoni, lakini hakuna aliyekataza kamba za nguo. Siku ya pili alimkuta kwenye paa la jirani mama wa makamo akikung'uta mito. Aliitwa Ruqayya, Mzanzibari, na alikuwa amekaa Jeddah hadi akajua kila mlio wa kila geti.

"Velma? Yule Mkenya mrefu mwenye mwanya?" Ruqayya aliuliza, akaacha mito. "Namjua, mwanangu. Nyumba ile yenye tangi jekundu, baada ya msikiti. Paa langu la zamani lilikuwa linatazamana na lake. Nenda rudi bado napita, madamu wangu hunituma kwao kuazima sufuria. Wewe ndiye yule dada?"

"Ndiye mimi. Yuko sawa, sivyo? Huwa ananipigia moja."

Ruqayya aliigeukia kamba. Alichukua pini ya nguo, akaifungua akaifunga.

"Hebu sikiliza, mwanangu. Yule anapigwa kila siku ikishapita magharibi. Huanza na kofi, kisha mpira, fimbo ya pazia, chochote. Na ile taa inataka kutoka nyingi. Mimi nimeiona kwa macho yangu. Inatoka ya kwanza, ya pili inamfika hapa," akajigusa kooni, "na yeye anajitia mtandio mdomoni, anauma, anaizuia mpaka inarudi. Tumbo lake linang'aa ndani ya gauni. Nikamwambia, shoga, iache itoke, utapasuka! Akanambia hapana, dada yangu atakuwa anaangalia, atapata wasiwasi."

Zipporah alishika kamba ya nguo kwa mikono miwili. Shuka za watu zilimpiga usoni. Uchungu ulimpata mwilini kama waya, ila huu haukuwa na mwisho wala haukutoa rangi yoyote.

"Ukienda kuazima sufuria," akasema, "mwambie apige mbili. Mwambie Zippy amefika, yuko mtaa huohuo. Mwambie asizuie tena. Apige mbili nije."

"Uje vipi, na hilo geti?"

"Wewe mwambie tu."

Njia ilikuwapo. Msimu huo wageni wa Riyadh walikuwa wengi Jeddah, na Elphas alikuwa amewafuata na basi lake. Alipokuja kumchukua Madam Hessa na wenzake kwa ziara ya jioni, Zipporah alimkamata kando ya mlango akiingiza kikapu.

"Taa ikitoka mara mbili kutoka hapa Aziziya, utageuza basi, utapita nyumba yenye tangi jekundu baada ya msikiti. Nitashuka. Nitamtoa. Ubalozi utajijua wenyewe."

"Wataniweka ndani, dada. Kibali changu cha kukaa, ile ikama, iko kwa kafili, tajiri aliyenileta, kama yako tu."

"Wewe si huwaambia wageni twende karibu, simba hawaumi? Waambie hivyo."

Elphas alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu wa kula na kupigiwa makofi, lakini nyumbani kwao naye alikuwa na dada.

"Mara mbili," akasema. "Ikiwa moja, sigeuzi."

Walipanda hadi kwenye vilima vya mchanga mashariki ya mji. Mikeka ikatandikwa. Mji wote ulikuwa chini yao, na upande mwingine bahari nyeusi. Madam alikuwa na furaha, dada yake hajawahi kuona taa, na kikapu kilikuwa tayari na waya wake. Haukuhitajika. Sauti ya adhana ya magharibi ilikuwa imenyamaza tu watu wakimalizia kusali, pakatoka taa kutoka Aziziya. Kijani cha majani machanga ya chai. Ikawaka, ikakatika.

Moja.

Zipporah alisimama na chupa ya kahawa mkononi. Elphas naye alisimama.

Ikatoka ya pili.

"Mbili!" Zipporah akapiga kelele kwa Kiswahili. "Elphas, mbili! Washa gari!"

Elphas alikuwa ameshafika mlangoni mwa basi. Lakini ya pili haikukatika. Ilipanda ikapita mahali taa zote huishia, ikazidi kupanda, na kijani chake kikaingiwa zambarau, kikaingiwa nyekundu, rangi zote alizokuwa amezimeza mwaka mzima zikatoka kwa mfuatano. Mchanga ukawa kijani. Nyuso za wageni zikawa kijani. Watu walisema mashallah, wakainua simu zao.

"Kata," Zipporah akasema. Chupa ilimponyoka na kahawa ikamwagika miguuni. "Vel, kata. Nimeshaiona. Kata, itakula kredo. Velma! Kata!"

Haikukatika.

Wageni wenyewe ndio waliotaka kwenda karibu; Elphas hakuhitaji kuwadanganya. Basi lilishuka Aziziya likisimama kila kona ili watu wapige picha. Nyumba yenye tangi jekundu ilikuwa inaonekana kutoka mbali, kwa kuwa taa ilitoka kwenye dirisha dogo la chumba cha kufulia na kulijaza paa lote. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika, na askari mmoja alikuwa ameegemea ukuta akiandika kwamba mfanyakazi ameanguka ngazini. Hakuhitaji tochi. Mwenye nyumba, mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu, alimlalamikia kwamba mwanga huu watoto wake watalalaje.

Walimtoa Velma ndani ya blanketi la maua. Mkono mmoja ulikuwa nje, na kucha zake hazikuwapo. Mtandio ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya kifua chake, mkavu, haukuumwa.

Zipporah alishuka. Alifika hadi kwenye machela, akaushika ule mkono, akaurudisha ndani ya blanketi. Hakuna aliyemzuia, alidhaniwa ni mfanyakazi wa nyumba hiyo.

"Huyu ni mdogo wangu," akamwambia askari.

"Una ikama?"

"Iko kwa bosi."

"Bila ikama si ndugu wa mtu," askari akasema, bila ubaya, akaendelea kuandika.

Aliporudi kwenye basi, Madam Hessa alikuwa amekwisha kulia. Alilia kweli, alikuwa mwepesi wa machozi. Akampa Zipporah kitambaa cha karatasi. "Halas, Zippy, basi. Panda. Watoto wana baridi." Kisha akaona gauni lake lina kahawa, akauliza chupa iko wapi, na alipoambiwa imebaki kilimani ikiwa imepasuka, akampiga kofi moja la mazoea. Halikutoa taa yoyote ya kuonekana. Ile nyingine ilikuwa inang'aa mno.

Taa ya Velma ilirudia kijani chake na haikuzimika. Maiti yake ilipelekwa kwenye friji kungoja karatasi, na karatasi zikangoja kafili, na kafili alikuwa safarini, lakini taa ilibaki juu ya tangi jekundu. Wenye nyumba walihama. Jeddah nzima waliiona bure kutoka vibarazani, kwa hiyo ziara za huko zikafa, na Elphas akarudishwa Riyadh, ambako taa bado zilihitaji kufanyiwa kazi. Alipandishwa cheo. Alianza kunywa dawa za usingizi, na sharubu hakumtaja tena. Alisema tu jina la mtaa na kukata simu. Ruqayya anasema akianika nguo asubuhi bado huiona, nyembamba kidogo kwa sababu ya jua. Anasema pia kwamba yeye ndiye aliyepeleka ule ujumbe pamoja na sufuria, na kwamba Velma alicheka aliposikia dada yake amefika.

Zipporah naye alirudi Suwaidi. Mkataba haukuwa umekwisha, na ajenti wa Nairobi, simu yake haipatikani. Alhamisi baada ya alasiri hupanga kikapu. Madam amenunua chupa mpya ya kahawa. Jangwani hupiga magoti, na ule waya ukishuka hujitia mtandio mdomoni. Inatoka ya kwanza. Ya pili inamfika kooni. Anauma, anaizuia, inarudi chini na kumuunguza tumbo. Dana hulalamika kwamba ya Zippy imekuwa fupi zaidi.

Sasa anayempigia si Velma, ni mama yao. Kutoka Saudia, Kenya iko kusini, na kutoka Vihiga, hizi zote ni taa za kaskazini. Siku ambazo mawingu yameachana juu ya mashamba ya chai, huonekana hadi kule, chini kabisa, nyuma ya mikaratusi. Hakuna aliyempelekea Mama Rosebellah habari yoyote. Jioni hutoa kiti nje, akaketi na jirani yake Charity wakichambua mboga, na macho yake yako kaskazini. Zote mbili ni za rangi moja, na kuzitofautisha ni kazi, kama zilivyokuwa sauti zao kwenye simu.

"Huyo hapo, moja, amekata," humwambia Charity. "Huyo lazima ni Zipporah. Bahili tangu utotoni, hata salamu anapima. Lakini yuko sawa."

"Na huyo mwingine?"

"Ni Velma. Mwangalie anavyoiacha iite. Yeye ameshapata, mama, kredo si shida kwake tena."

Naye hucheka, akachukua kunde nyingine mapajani.